Nota Isiyoachiwa

Kamembe, Rusizi
3 Machi 2024
Mwaka wa ishirini na nane wa kuwa ng'ambo

Mwanangu Clarisse,

Naanza kama ninavyoanza kila barua, kwa kuhesabu. Tuliuvuka mto Rusizi Oktoba ya 1996 tukikimbia vita, mimi na marehemu mke wangu Véronique, na tangu siku hiyo sijalala Bukavu hata mara moja, ingawa kila asubuhi nauona mji wote kutoka barazani kwangu, mabati kwa mabati. Jirani yangu Straton hunicheka kwa hilo. Huniambia, "Mwalimu, mtu anayehesabu miaka huku anaiona nyumba yake, huyo si mkimbizi, ni mlinzi."

Mzigo wako umefika. Maman Jolie alikiweka kile kinanda ndani ya beseni, chini ya sambaza, wale samaki wadogo anaowauza, na bado kinanuka ziwa. Anasema mpakani walimuuliza ni nini. Akajibu ni kinanda cha mwalimu wake wa zamani. Wakamwambia, "Piga tusikie." Akapiga. Hakikulia. Wakacheka mpaka machozi, wakamwambia apite tu na kibao chake.

Nami nimekipiga, Clarisse, na kwangu pia hakikulia. Nimehesabu funguo ishirini na tano, oktavi mbili, kama kinanda cha mtoto. Nimetafuta mahali pa betri, hakuna. Nimekiweka mezani na jioni nimekitazama kama mgeni aliyekuja bila kusema shida yake. Labda kilivunjika njiani. Samahani.

Kuhusu Pentekoste: nimesoma kwamba chorale, kwaya yetu, inatimiza miaka hamsini na kwamba mnanitaka nije nipige wimbo wa kutoka, ule niliomtungia Véronique, kwa sababu sauti nne mnazo kwenye karatasi lakini sehemu ya kinanda hakuna anayeijua. Ni kweli. Sikuiandika kamwe. Niliamini vidole vitadumu kuliko karatasi, na katika nyakati zile karatasi ziliungua upesi.

Lakini sitaweza kuja. Mvua ya Machi imeharibu barabara, magoti yangu yanalia kwenye mteremko, na nimechoka. Hilo la mwisho lingetosha peke yake.

Wako,
Bahizire

*

Bukavu
12 Machi 2024

Papa Mwalimu,

Nimecheka, halafu nikasikia aibu, maana kosa ni langu. Nilikutumia kinanda bila kukuambia ni kinanda cha aina gani.

Hakikuvunjika. Hakina sauti ndani yake, ndivyo kilivyo. Kinachojua ni vidole tu: ufunguo gani umeguswa, umeguswa kwa nguvu gani, umeachiwa saa ngapi. Unakiunga na kompyuta kwa waya mweupe niliofungia ndani ya kitenge, na ndani ya kompyuta kuna programu, na ndani ya programu kuna sauti: piano, ngoma, filimbi, hata harmoniamu. Hapa batoto ba chorale banatengeneza nyimbo nzima hivyo. Ukipiga, programu haiweki sauti yako. Inaweka vidole vyako. Mimi nikifungua hiyo faili huku Bukavu, vidole vyako vitapiga kinanda changu. Programu yenyewe nimeiweka kwenye flash, ile iliyo ndani ya mfuko wa chumvi. Na siku waya ukikataa, herufi za kompyuta pia zinapiga, nimesoma kwenye maelezo yake: A ni do, S ni re, unaendelea hivyo.

Lakini Papa, usidhani nilikitumia ili usije. Nilikitumia ujikumbushe, halafu uje.

Wewe unajua sheria ya chorale yetu kuliko mimi. Mpigaji mpya haketi kwenye benchi mpaka wa zamani amwachie nota. Mwenyewe ulinihadithia jinsi ulivyopokea kwa Mzee Wenceslas: alishika nota ya mwisho, akainuka bila kuiachia, wewe ukateleza chini yake kwenye benchi, ukaweka kidole chako kwenye ufunguo uleule, ndipo akaondoa chake. Watu hawakusikia pengo lolote. Ninyi mliondoka siku ya Jumatano, hakuna misa, hakuna wimbo. Hukuniachia nota yoyote.

Tangu hapo napiga nimesimama. Batu bageni banadhani ni mtindo. Harmoniamu ilikufa kwa mchwa, tukanunua kinanda cha umeme, mapadri wanne wamepita, na benchi lako liko palepale, tunalifuta vumbi kila Jumamosi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa nina arobaini na sita na daktari ameniambia mishipa ya miguu yangu imechoka.

Njoo siku moja tu. Keti, piga, inuka. Jolie atakuletea pikipiki mpaka mlangoni.

Mtoto wako,
Clarisse

*

Kamembe
9 Aprili 2024

Mwanangu,

Kinanda kimesema.

Straton amenisaidia kwa kompyuta ambayo binti yake Umutoni aliiacha nyumbani alipoolewa. Straton alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha saruji kule Bugarama na ana subira ya mtu aliyezoea kungoja vitu vigande. Hata hivyo nilimmaliza. Siku ya tatu alisema, "Mwalimu, saruji ninayoijua mimi hukauka, lakini wewe kila asubuhi unarudi kuwa matope." Sasa angalau najua kufungua, kuweka na kufuta.

Nikueleze kilichonishangaza. Nimesoma nota maisha yangu yote: duara, mkia, mistari mitano. Kumbe ndani ya programu nota ni kipande cha rangi kilicholala, kirefu au kifupi kadiri kidole kilivyokaa. Unaweza kukishika kwa kipanya ukakivuta, ukakisogeza, ukakifanya kirefu kuliko maisha ya mtu. Nimetazama ubeti mmoja wangu ukiwa umelazwa hivyo, kama matofali juani, na nimeona makosa ambayo sikio langu lilinificha tangu nikiwa kijana. Kidole changu cha nne huchelewa kila mara. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Programu hii pia humruhusu mtu kwenda polepole. Unapunguza mwendo hadi nusu, unapiga sauti moja tu, kisha unarudi mwanzo unapiga ya pili juu yake, na ya tatu. Mwishowe unarudisha mwendo, na inakuwa kana kwamba umepiga vyote kwa pamoja. Wengine wangeuita udanganyifu. Katika umri wangu nimeuita huruma.

Waya wako mweupe hauko vizuri, kwa hiyo nimetumia herufi za kompyuta. Kwenye flash utakuta ubeti wa kwanza na wa pili. Utangulizi sikuuweka kwenye faili. Huo ninataka uujifunze kwa mkono wako, nao nimeuandika kwenye karatasi hii kwa herufi, upande wa nyuma. Fuata herufi kama zilivyo, polepole. Utaona inaanza kwa do na kurudi kwa do kila baada ya hatua nne, kama mtu anayegeuka kutazama kama mlango ameufunga.

Kuhusu kuja, tusiandikiane tena habari hiyo. Jumapili nilikwenda Nkungu, upande huu wa mto, kupalilia kaburi la Véronique. Majani yanakua haraka huko. Nilirudi nimechoka siku mbili.

Bahizire

*

Bukavu
17 Aprili 2024

Papa Mwalimu,

Utangulizi umetupa taabu. Nimefuata herufi zako neno kwa neno mbele ya chorale nzima, na do hakuna! Nikigusa A, kimya. Nikigusa W, sauti yote inaporomoka oktavi moja, kama mtu aliyekosa ngazi. Mukengere wa besi akasema, "Mzee amefichama na do yake ng'ambo, anataka tuifuate." Maman Reine akasema hapana, ni fumbo, do ni Véronique, ndiyo maana haisikiki. Wanawake wawili wakalia. Tumeimba hivyo wiki nzima, tukinyamaza kwa heshima kila panapostahili do.

Ni jana tu nimeelewa. Kompyuta za huko kwenu zinafuata mpango wa Kiingereza siku hizi, zetu bado ni za Kifaransa. Mahali A yako ilipo, kwangu pana Q, na mahali pa Z yako, ile ya kushusha oktavi, kwangu pana W. Programu inatazama mahali, haisomi herufi. Nimegusa Q, na do imetoka. Bado sijamwambia Maman Reine.

Hilo limekwisha. La pili halijaisha, na nitalisema bila kuzunguka.

Nimefungua faili yako ya beti mbili. Chini ya kila nota programu huandika nguvu ya mguso. Zako zote ni mia. Mia, mia, mia, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kidole cha mtu hakiwezi, Papa. Hata mashine ya kushonea haiwezi. Najua herufi za kompyuta ndizo zinafanya hivyo, maana hazijui nguvu. Lakini waya ulikuwa mzima, niliujaribu mwenyewe kabla ya kuufunga. Na mkono wa kuume unaingia kila mara nyuma kidogo ya wa kushoto, kama vile ni mtu mwingine.

Ninakuuliza: ni wewe uliyepiga? Au ulimpa mtu azichape ili tukuache upumzike? Kama umetuchoka, sema. Nimesimama miaka yote hii, naweza kusikia neno.

Nakutumia waya mpya.

Clarisse

*

Kamembe
22 Aprili 2024

Clarisse,

Waya umefika. Asante.

Umekuwa mwanamuziki wa kusoma namba. Nikukumbushe kwamba harmoniamu yetu haikujali nguvu ya kidole hata kidogo. Ukigusa kwa ukali au kwa upole, ilitoa sauti ileile. Pumzi ilitoka miguuni, kwenye pedali. Kwa hiyo mia zako zote hazinishtaki kwa lolote. Kwa kinanda kile, kila nota niliyowahi kukupigia ilikuwa mia.

Habari ya Q imenichekesha peke yangu barazani hadi Straton akaja kuuliza kama kuna habari mbaya. Usimwambie Maman Reine.

Ubeti wa tatu utakuja. Ninakwenda polepole.

B.

*

Mpakani, siku ya Alhamisi

Clarisse dada,

Naandikia juu ya karatasi ya sukari, bana, usicheke mwandiko. Wacha kumusumbua Muzee na mambo ya waya. Waya iko muzima. Mukono yake ya kuume ndiyo imekufa. Ni tangu kabla ya Noeli, alianguka chini mu nyumba, Straton ndiye alimuokota. Mukono iko inaninginia tu, anaiwekaka mu mufuko ya koti ili batu basione. Alinikataza. Alisema, "Maman Jolie, wewe unabebaka samaki, usibebe maneno." Nami nikanyamaza mpaka uliponiambia vile ulimwandikia.

Nimemuona akifanya ile kazi. Anapiga na mukono ya kushoto, kidole moja moja. Kile kinanda chako kinataka nguvu kidogo, hana. Herufi za ile mashine ni laini, ukipuliza tu zinashuka. Anapiga musitari moja, anapumzika, anafunga macho, anapiga ingine. Musitari ya mukono ya kuume anaipiga na ya kushoto! Siku moja nilikuta kijasho iko inashuka mu shingo. Nikamwambia, "Muzee, wacha, nitabasalimia tu." Akaniambia, "Na wewe utabasalimia kwa do au kwa sol?"

Usimwambie ni mie niliyesema.

Jolie

*

Bukavu
29 Aprili 2024

Papa Mwalimu wangu mpendwa,

Nakuandikia tu kukujulia hali. Sina neno lolote baya. Beti mbili ulizotuma ni nzuri sana na chorale inafurahi. Nilizungumza vibaya katika barua ile, nilikuwa nimeamka na homa.

Waya mpya mpe Straton afungie mbuzi wake.

Ubeti wa tatu usiuharakishe. Hata usipokuja, tutaimba bila kinanda mahali hapo, sauti peke yake nayo inapendeza. Sitakuomba tena uvuke. Nilifikiri nikaona kwamba barabara kweli ni mbaya, na watu ni wengi kwenye daraja.

Na lile la benchi lisahau. Nitapiga nimesimama kama siku zote. Miguu yangu imezoea.

Kula vizuri. Nimemwekea Jolie sambaza waliokaangwa, ni wako, si wa kuuza.

Mtoto wako anayekuheshimu,
Clarisse

*

Kamembe, Rusizi
12 Mei 2024

Mwanangu Clarisse,

Uliponituhumu niliweza kulala. Ulipoanza kuniandikia kwa upole, nikajua Maman Jolie amesema. Usimgombeze. Nilimpa mzigo ambao haukuwa na beseni.

Basi nawe unajua. Sikukuficha kwa kiburi tu, ingawa kiburi kilikuwepo. Nilitaka kazi ifike kwanza kabla ya habari. Ukimwambia mtu kwamba mkono umekufa, kila utakachompigia baada ya hapo atakisikiliza kama anayesikiliza mgonjwa, na wimbo ule haukutungwa kwa ajili ya mgonjwa. Véronique aliuimba akiwa na miaka ishirini na mbili, akicheka katikati ya ubeti kwa sababu padri alikuwa amevaa viatu visivyofanana.

Ubeti wa tatu umekwisha. Uko kwenye flash pamoja na zile nyingine, zote tatu zimeunganishwa, sauti ya harmoniamu. Daktari hapa Kamembe ameniambia mambo haya ya kiharusi huweza kurudi mara ya pili, na kwamba ya pili huwa haiombi ruhusa. Kwa hiyo niliharakisha, nikiwa nimekuahidi polepole. Samahani kwa uongo huo mdogo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu mwisho wa faili utadhani umeharibika.

Ukifika mwisho, chodi ya mwisho itaachia nota moja moja, kutoka chini kwenda juu: besi kwanza, kisha tenori, kisha alto. Itabaki sol peke yake. Hiyo haitaachia. Utangoja, nayo itaendelea. Usidhani kompyuta imekwama. Nimekishika kile kipande cha rangi kwa kipanya nikakivuta kwenda kulia, nikavuta, nikavuta, hadi Straton akauliza, "Mwalimu, unakipeleka wapi, Kinshasa?" Nimekivuta hadi programu iliponikatalia.

Straton na mimi tumejaribu. Nota iliyoshikwa hivyo hunyamaza mtu akigusa ufunguo uleule na kuuachia. Kwa kompyuta ni nota ileile, haijui kidole cha nani kilianza. Mzee Wenceslas naye hakujua mengi kuliko hayo.

Na utazame chini ya hiyo sol. Nyingine zote zitakuwa mia. Hii ni kumi na nane. Hii sikuipiga kwa herufi, wala kwa kushoto. Nilifunga ule waya wako mpya, ambao mbuzi hawakuupata, nikaubeba mkono wa kuume kwa ule mwingine nikauweka juu ya kile kinanda bubu, nikangoja. Ilichukua asubuhi nzima. Kidole cha pili kilishuka. Kwenye harmoniamu hutaisikia tofauti, kama nilivyokuandikia. Lakini utaiona.

Straton alikuwepo, na Maman Jolie na beseni lake. Niliwaomba wasimame. Nilipiga hiyo sol nikiwa nimeketi, na programu ilipoanza kuirudia, niliinuka nikatoka hadi barazani. Ilikuwa bado inalia nyuma yangu. Jolie atakuapia kwamba niliinuka bila kuiachia. Hao wawili ni mashahidi wachache kwa chorale ya watu hamsini, lakini ndio niliokuwa nao.

Siku ya Pentekoste, wimbo ukiisha na sol ikibaki, usiharakishe. Waache watu washangae kidogo. Vuta benchi. Keti, Clarisse, mbele ya Maman Reine na Mukengere na wote. Unyooshe miguu. Ukiisha kuketi vizuri, weka kidole chako mahali kilipo changu, kisha achia wakati wako mwenyewe. Kuanzia hapo benchi ni lako, na siku yako ikifika utamwachia mwingine.

Uliniuliza mara nyingi kwa nini siji, nami nikakupa mvua, magoti na barabara. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililokuwa sababu. Hata mkono si sababu, ningeweza kuuweka mfukoni. Nikivuka kwa siku moja, jioni nitalazimika kuondoka Bukavu tena. Niliondoka mara moja, na Véronique akiwa kando yangu, na bado sijamaliza kuondoka huko. Sina nguvu ya kuanza kuondoka kwa pili peke yangu. Yeye yuko Nkungu, nami nimeshachagua upande wa mto nitakaolala.

Asubuhi ya Pentekoste nitakuwa barazani, upepo ukivuma kutoka kwenu. Sitasikia kitu, ni mbali mno kwa kinanda. Nitajua tu kwamba umeketi.

Mimi sitarudi.

Bahizire